Kiti cha Edmund

Mchezaji wa tenisi mwenye akili zake haangalii jukwaani wakati wa kubadilishana pande. Anakaa, anakunywa maji, anajifuta jasho, anawaza mpira unaofuata. Imogen Thackray aliyajua hayo tangu utotoni, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemkazania mpaka yakamwingia. Hata hivyo aliangalia. Akajikemea, akainamisha kichwa, akaangalia tena.

Watu wake walitengewa viti vitatu. Cha kwanza alikaa mama yake, Marian, mgongo umenyooka, mkoba mapajani. Cha pili alikaa kocha wake, Clive, anatafuna kucha. Cha tatu hakikuwa na mtu.

"Muda," alisema mwamuzi.

Imogen akanyanyuka na raketi yake, roho inamfukuta. Ilikuwa robo fainali ya wanawake, Wimbledon, uwanja mkubwa, na katika Waingereza wote walioanza mashindano alikuwa amebaki yeye peke yake. Maelfu ya watu walikuwa wamejaa pale kumtazama. Yeye alikuwa anamtafuta mmoja tu, Edmund Pask, mwalimu wa jiografia wa sekondari moja huko Surbiton, mrefu, mwenye miwani na sauti ya chini, ambaye kwa miaka miwili sasa alikuwa ndiye usingizi wake na ndiye kukosa usingizi kwake.

Jana yake jioni alimtilia tiketi ya kiti kile mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa.

"Edmund, kesho ukae pale. Mama akuone umekaa, watu wakuone. Miaka miwili nakuficha watu kama nimekuiba dukani. Nimechoka. Ukikaa, nitajua niko na mwanamume. Usipokaa, tuachane kwa amani, maana sina nguvu tena za kukukokota."

Edmund alimbusu paji la uso, akasema, "Sawa, mpenzi." Imogen alilala amefurahi. Hakujua kwamba huku kwetu mtu anaweza kusema sawa huku ameshaamua vingine, ili mradi tu chai isipoe mezani kwa sababu ya ubishi. Au tuseme alijua, ila mapenzi yalimsahaulisha.

Basi mpinzani wake, Zdenka Malíková, Mcheki wa mkono wa kushoto, hakuwa na habari na viti vya mtu. Alipiga mipira ya chini inayoteleza kwenye nyasi, na Imogen aliifikia akiwa amechelewa kila mara. Seti ya kwanza ikaenda sita kwa mbili. Kabla ya seti ya pili, mvua ikaanza, ile mvua yetu ya Julai isiyo na haraka. Mwamuzi akatangaza mchezo usimame mpaka paa lifungwe. Wachezaji wakaingia ndani.

Imogen hakukaa. Hakubadilisha hata soksi. Alifungua kabati lake, akatoa simu, akapiga.

"Halo?" Edmund aliitikia. Nyuma yake zilisikika kelele za watu na mvua ikigonga mwavuli. "Mpenzi, usijali ile seti. Unasimama nyuma mno, lakini usijali."

"Uko wapi?"

"Nipo hapahapa."

"Hapahapa wapi, Edmund?"

"Kilimani."

Imogen alifumba macho. Kilimani ni pale nje, kwenye mteremko wa majani, wanapokaa watu waliokosa viti kutazama mechi kwenye skrini kubwa.

"Una tiketi ya uwanja mkubwa. Niliitia mfukoni mwako mwenyewe. Unafanya nini kilimani kwenye mvua?"

"Nilipanga foleni."

"Ulipanga foleni."

"Tangu alfajiri. Nimepanga kila mwaka tangu enzi za baba, unajua. Nikaona si vizuri mwaka huu nipite mlango wa wakubwa, wenzangu wale wananyeshewa. Nikapata tiketi ya viwanja vya nje. Nimekutana na mama mmoja kutoka Dundee, ana mwavuli mkubwa sana. Anakusalimu."

"Sitaki salamu za Dundee."

"Samahani."

"Na usiniombe samahani. Nikisikia hilo neno tena leo nitavunja raketi. Edmund, mimi nilikuomba nini? Nilikuomba mlima? Nilikuomba kiti. Kukaa tu. Jambo ambalo hata mbwa anaambiwa mara moja anafanya."

"Najua."

"Unajua. Sasa kama unajua, foleni ilikuwa ya nini?"

Edmund alikaa kimya. Imogen alimfahamu vya kutosha. Kimya chake kilikuwa na aina mbili, kimya cha kukosa neno na kimya cha kulificha. Hiki kilikuwa cha pili.

"Na tena mama yako alisema..." Edmund alianza, kisha akajikatiza mwenyewe. "Basi. Si kitu. Kunywa maji."

"Mama yangu alisema nini?"

"Si kitu."

"Edmund."

"Alisema kwa upole sana."

"Mama yangu hana upole wa bure. Alisema nini?"

Edmund alishusha pumzi. "Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula. Wewe ulipanda juu kukandwa goti. Mimi nilikuwa nafuta vyombo. Akaniambia kile kiti ni cha familia. Akasema kama nakupenda kweli, nikuache ucheze bila kunifikiria, na kwamba kila mwanamume aliyekaa pale alikuumiza. Nikamwambia, bila shaka, Bi. Thackray."

"Ukamwambia bila shaka."

"Nilikuwa nimeshika bakuli lake la mchuzi, Imogen. Lile la bibi yake. Ni vigumu kubishana na mtu umeshika bakuli la bibi yake."

Imogen hakujua acheke au alie. Akapiga kabati teke, kisha akajuta, maana vidole vya mguu navyo alikuwa anavihitaji.

"Na jana ulipokea tiketi yangu, ukanibusu, ukasema sawa. Iko wapi hiyo tiketi?"

"Nilimrudishia."

"Nani?"

"Mama yako. Asubuhi, pale getini. Nilidhani labda ana mtu wa kumpa."

Hapo Imogen alikaa, kwa mara ya kwanza. Kumbe mama yake alikuwa amekaa jukwaani muda wote, mkoba mapajani, na kiti cha Edmund kimo ndani ya mkoba huo.

"Nisikilize," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi siwezi kukupigania wewe na kupigana na Malíková kwa wakati mmoja. Mmoja wenu atanishinda. Nataka uniambie jambo moja. Usiniambie mama anataka nini. Usiniambie foleni inataka nini, wala huyo wa Dundee. Wewe unataka kukaa pale, au hutaki?"

Mvua ilisikika ikiendelea kwenye mwavuli.

"Nataka," alisema Edmund mwishowe. "Nataka mpaka naumwa. Nimekaa hapa kwenye majani natazama kile kiti kwenye skrini, kila wakikionyesha najiambia, ni changu kile, na nimekiacha kama mpumbavu."

"Basi njoo."

"Kwa tiketi hii hawataniruhusu kuingia. Na mlangoni kuna watu wengine wanangoja, sijui kama itakuwa vizuri..."

Imogen akakata simu. Machozi yalikuwa yamemlenga na hakutaka Edmund ayasikie.

Alimkuta Marian kwenye korido ya wachezaji, amesimama na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Clive alikuwa naye, amejaa maelekezo. "Sogea mbele, Imogen, upokee mpira kabla haujashuka..."

"Clive, tafadhali tupishe."

Clive aliwatazama, mama na binti, akaona heri akatafute kahawa.

"Umemwambia nini Edmund?" Imogen aliuliza.

Marian hakujifanya hajui. Hiyo ilikuwa sifa yake na ndiyo ilikuwa kero yake. "Nilimwambia ukweli. Na huu si wakati wa kuuzungumza, umepoteza seti."

"Nimepoteza seti kwa sababu ya kiti kitupu."

"Umepoteza seti kwa sababu unasimama nyuma."

"Mama."

"Unataka niseme? Haya, nitasema." Marian aliweka kikombe dirishani. "Yule wa kwanza, yule wa mashua, uliposhindwa raundi ya pili alikuwa ameshapanda teksi hujavua hata viatu. Yule wa pili alingoja mpaka ulipofanyiwa upasuaji wa goti, akakuandikia ujumbe wa simu. Wa simu, Imogen, na wewe uko kitandani huwezi kutembea. Nani alikaa na wewe? Nani alikuosha nywele? Mimi nimekuokota vipande mara mbili. Sina magoti ya kuinama mara ya tatu."

Imogen alihisi hasira zake zikipungua, jambo lililomkasirisha zaidi. Ni vigumu kumgombeza mtu anayekukosea kwa mapenzi.

"Wale waliondoka nilipofungwa," alisema taratibu. "Huyu umemwondoa wewe, hata sijafungwa bado."

"Nilimwambia neno moja. Moja tu. Mwanamume anayeondoka kwa kuambiwa neno moja, atafanya nini siku dunia itakapomwambia maneno mia?"

Hilo ndilo lililokuwa linamla Imogen mwenyewe tangu simu ilipokatika. Kama Edmund hawezi kumwambia mama mtu mzima mwenye bakuli la mchuzi kwamba 'hapana, mimi ninakaa', basi atamwambia nani?

"Labda ni kweli," alisema. "Labda atabaki kilimani. Lakini hilo nililijue mimi kwa macho yangu, Mama. Si wewe uniamulie. Tiketi yake unayo kwenye mkoba."

Marian alishika mkoba wake kana kwamba umetajwa jina.

"Fanya unavyoona," Imogen akasema. Ofisa mmoja alikuwa amekuja kuwaita, paa limefungwa, nyasi zimekauka. Akachukua raketi zake akaenda.

Uwanja uliofunikwa ulikuwa na joto na mwangwi. Kila kikohozi kilisikika. Imogen alijiapiza asitazame jukwaani, na kiapo hicho kilidumu mpaka alipofika kwenye mstari. Alipotazama, akaona viti viwili vitupu. Clive alikuwa peke yake katikati, na alipoona anatazamwa akanyanyua mabega kumaanisha, mimi pia sielewi.

Safi kabisa, Imogen aliwaza. Nilikuwa nimekosa mmoja, sasa nimewakosa wote.

Na jambo la ajabu ni kwamba hapo ndipo alipoanza kucheza. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba hakubakiwa na nafasi ya woga. Alisogea mbele, akaupiga mpira kabla haujashuka, akaupiga kama anamgombeza mtu. Gemu la kwanza akalichukua. La pili akachukua. Katika gemu la tatu, wakiwa sawa kwa pointi na umati ukiwa umebana pumzi, aliona kwa pembe ya jicho vivuli viwili nyuma ya mlango wa jukwaa lake, na mzee wa mlangoni amenyoosha mkono kuwazuia. Pale hapiti mtu mpira ukichezwa, awe nani. Wangojee wachezaji wabadilishane pande.

Malíková akapiga mpira nje. Gemu la Imogen. Mzee akashusha mkono.

Alitangulia Marian, nywele zimemlowa na kulala, viatu vyake vya heshima vimejaa tope la kilimani. Nyuma yake alikuwa Edmund. Maji yalimdondoka kutoka kwenye mikono ya koti, miwani imejaa ukungu, na katika safu nzima aliliomba radhi kila goti alilolipita. Alifika kwenye kiti cha tatu. Akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa ikiwa chafu zaidi, kisha akamtazama Imogen moja kwa moja mbele ya watu wote wale, na hakuondoa macho.

Imogen alikunywa maji yakampalia.

Seti ya pili aliichukua yeye, sita kwa tatu. Ningependa sana kuwaambia kwamba na ya tatu aliichukua, kwamba mapenzi yalimpa mabawa na kadhalika. Lakini nyasi hazijui mapenzi, na Malíková alikuwa amekuja kutoka mbali na mambo yake mwenyewe. Walipigana mpaka watu wakasahau kukaa. Saba kwa tano, Malíková. Mpira wa mwisho Imogen aliufikia vizuri kabisa, akaupiga vizuri kabisa, ukagonga wavu ukarudi upande wake.

Alimpa Malíková mkono, akampungia mwamuzi, akakusanya vitu vyake. Kisha, kwa sababu alikuwa ameshazoea kuumia pale, akatazama juu. Edmund alikuwa amesimama. Umati ulikuwa umeshamaliza kupiga makofi, yeye alikuwa bado anapiga, peke yake, taratibu, hana aibu.

Marian alimsubiri kwenye korido na taulo. Alimzungushia mabegani kama alivyomfanyia tangu mdogo, na hakusema neno kuhusu mchezo, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Nilitoka na ile tiketi," alisema, "najua nitamkuta kilimani, amekaa anatii. Nimepanda mpaka juu nikamkosa. Narudi, nikamkuta kwenye mlango wa uwanja. Anabishana na walinzi, Imogen. Kwa sauti. Anawaambia haondoki hata wamwite polisi, kuna kiti chake mle ndani. Mimi sijawahi kumsikia yule kijana akisema kwa sauti."

"Hakuniambia anakuja."

"Safari hii hakungoja kuambiwa." Marian alimfuta uso. "Nenda kaongee na wale waandishi, uwamalize."

Waandishi wa habari waliuliza yote ya kawaida, goti, mvua, mpira wa wavuni. Imogen aliyajibu kwa adabu huku mwili unamuuma. Kisha mmoja aliyekaa mbele akatabasamu.

"Yule bwana aliyelowa, aliyeingia kwenye seti ya pili, ni nani?"

Miaka miwili alikuwa na jibu tayari. Rafiki wa familia. Lilikuwa hata limeshafika ulimini. Akalitazama, akaona limemchosha kuliko seti zote tatu.

"Anaitwa Edmund Pask," alisema. "Tutaoana. Bado hajaniuliza, nadhani anatafuta namna ya kuuliza isiyomsumbua mtu. Swali lingine."

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Imogen hakucheka. Alisikia masikio yakimwaka moto, akatoka mlangoni.

Edmund alikuwa amesimama koridoni na Marian, chini ya televisheni iliyokuwa ukutani. Maji yalikuwa yamefanya kidimbwi miguuni pake. Kutokana na uso wake, Imogen alijua kwamba televisheni ile ilikuwa imewashwa.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia. Na mwalimu mkuu wangu amesikia. Amenipigia simu kunipongeza."

"Na?"

Edmund alivua miwani akaanza kuifuta. Imogen alihisi ile hasira ya kwenye simu inampanda upya.

"Edmund, ukiniambia unahitaji muda wa kufikiri, naapa..."

"Ninachosema mimi," Marian aliingilia, "ni kwamba mambo haya hayaamuliwi na mtu amelowa. Twende nyumbani, tunywe chai, halafu Jumapili mkija kula..."

"Bi. Thackray," alisema Edmund.

"Ndiyo?"

"Naomba unyamaze kidogo."

Marian alifungua mdomo. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, hata marehemu mumewe. Akamtazama yule mwalimu kuanzia miwani mpaka kidimbwini, kwa muda mrefu, kisha akafunga mdomo na kurudi nyuma hatua moja kuwapisha.

Edmund akamgeukia Imogen.

"Nataka kukuoa," alisema. "Nataka nikae kwenye kile kiti ukishinda, na ukifungwa, na siku utakapoamua huchezi tena na kiti chenyewe hakipo. Nimekosea leo asubuhi, na sikuombi samahani kwa sababu umenikataza. Imogen, utakubali?"

Tangu mpira wa mwisho ugonge wavu hakuwa ametoa chozi. Sasa yalimtoka yote kwa pamoja, akayaficha kwenye shati la Edmund lililokuwa limelowa tayari, kwa hiyo haikuonekana tofauti.

"Nakubali," alisema humo humo ndani ya shati, kisha akainua uso, kwa sababu alitaka amsikie vizuri. "Nimekubali miaka miwili sasa, Edmund. Wewe ndiye uliyekuwa hujauliza."